Kadi ya Anayefuata

Wauza nyama walimwita Gramu. Hakuna aliyethubutu kumwita hivyo usoni, lakini alilijua jina hilo miaka kumi na miwili sasa, kwa sababu kila alipoingia mlango wa soko na kisanduku chake cha mbao alilisikia likimtangulia kutoka bucha hadi bucha, na mizani zikaanza kufutwa haraka haraka kama zilizofumaniwa.

Alikuwa mkaguzi wa mizani, mwajiriwa wa serikali, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na mmoja, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani kwa kamba na kalamu imechomekwa kwenye nywele. Ndani ya kisanduku mlikuwa na mawe tisa ya shaba, kuanzia la kilo tano hadi la gramu tano, kila moja limelazwa kwenye kitundu chake. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Aliweka jiwe kwenye sahani, akasoma, akaandika. Mizani ikisema uongo hakugombana na mtu. Aliondoa jiwe, akapangusa sahani, akalirudisha, akasoma tena.

"Aliyeiba na aliyekosea wanakutolea macho yaleyale," alimwambia mumewe wakati fulani. "Ndiyo maana siangalii macho. Napima mara ya pili."

Mumewe, fundi wa majokofu, alicheka. "Na mimi ulinipima mara ngapi?"

"Wewe ulizidi uzito. Nikaona si hasara."

Walikuwa wameoana miaka kumi na mmoja, na mtoto hakuwa amepatikana. Matibabu ya uzazi walikuwa wameshayajaribu mara mbili, na mara zote mbili mayai yaliyotolewa tumboni mwa Gramu yalikutwa machanga, hayafai kurutubishwa. Hakuna aliyejua sababu. Safari hii ya tatu daktari mkuu wa kliniki, mzee mpole mwenye sauti ya kusomea taarifa, alimwambia bila kuzunguka: "Kwa mayai yako mwenyewe, hii ndiyo ya mwisho. Baada ya hapa tutakuwa tunadanganyana."

Gramu alishukuru kuambiwa ukweli. Hata hivyo aliporudi nyumbani alikumbuka kwamba katika kazi yake, anayejisifu kwa mizani ya kweli ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaguliwa.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, na aliyepanda ngazi zile angeweza kumwambia yeyote kwamba anakwenda kupima macho. Hilo halikutokea kwa bahati. Mahali pote palikuwa pamepangwa kwa ajili ya watu wasiotaka kuonekana. Vioo vilikuwa vya ukungu. Viti vilitazama ukuta badala ya mlango. Na majina hayakuitwa kamwe. "Hapa siri yako ni siri yetu," muuguzi wa mapokezi alimwambia siku ya kwanza, kwa fahari kubwa. Ukifika uliweka kadi yako kwenye trei ya bluu, chini ya kadi ya aliyekutangulia, kisha ukakaa. Muuguzi wa chumba cha ultrasaundi alikuja akalibeba rundo zima, na kuanzia hapo neno lililosikika mlangoni lilikuwa moja tu: "Anayefuata."

Katika kliniki ile kila mwanamke aliitwa mama, na hakuna aliyewahi kumweleza Gramu kama hiyo ilikuwa heshima au sehemu ya dawa.

Wauguzi nao walikuwa na jina lao kwa Gramu. Walimwita Yule wa Maswali. Aliomba asomewe tarehe ya mwisho kwenye kila kichupa. Aliuliza kwa nini sindano ya leo ina kifuniko cha kijani wakati ya jana ilikuwa na cheupe. Aliuliza vifuko vya mayai vinatakiwa vifike ukubwa gani, akaambiwa milimita kumi na nane au zaidi. Akauliza vinakua kwa kasi gani, akaambiwa kama milimita mbili kwa siku, kisha akaambiwa asijisumbue, hizo ni kazi za wataalamu. Aliyaandika yote.

Lakini shuku ina gharama zake, na Gramu alizilipa nyumbani kwanza. Dawa zilitakiwa zikae kwenye baridi. Alizipanga kwenye friji, nyuma ya chupa za maji, na kando yake akaweka kipimajoto. Siku ya nne ya sindano alifungua friji asubuhi akakuta maboksi yametoa jasho na kipimajoto kinasoma nyuzi kumi na nne.

Wakati huo alikuwapo wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyekuja kutibiwa jino kwa wiki moja na sasa alikuwa anamaliza mwezi.

"Wifi, nani amegusa friji?"

"Friji ni ya kaka yangu. Hata nikiamua kulala ndani yake."

"Nakuuliza kama umeizima."

"Niizime ili nipate nini, maji ya uvuguvugu?" Wifi aliweka kikombe chini. "Au unadhani sitaki kuitwa shangazi? Sema basi, wifi. Sema unachokiwaza."

Gramu alisema, tena alisema mengi. Mchana mumewe alirudi, akasikia habari, akasimama mlangoni kama mtu aliyekanyaga msumari. Ni yeye aliyechomoa waya wa friji usiku ule ili apige pasi shati, akasahau kuurudisha. Fundi wa majokofu, na friji yake ikayeyuka kwa mkono wake mwenyewe. Kliniki iliwapa dawa nyingine. Lakini maneno yale wifi hakuyasahau. Tangu siku hiyo, kila alipotaka kufungua bomba au kabati, alisimama wima katikati ya jikoni na kusema kwa sauti, "Naomba kibali cha mkaguzi."

Gramu aliomba radhi, akakubaliana na nafsi yake kwamba amevuka mpaka. Alijitahidi kupunguza maswali. Siku ya sita, alipolala kwenye kitanda cha chumba cha ultrasaundi, nyuma ya pazia, hakumuuliza daktari wa mashine hata neno. Ila masikio hayakumtii. Daktari alisoma vipimo kwa muuguzi aliyekuwa upande wa pili wa pazia, na Gramu, ambaye kwake namba isiyoandikwa hapohapo ilikuwa uvumi tu, alichomoa kalamu kwenye nywele akaziandika kwenye kiganja cha kushoto. Nane. Tisa. Saba. Saba. Jioni alizihamishia kwenye daftari. Huko nyuma, katika majaribio mawili ya mwanzo, hakuwahi kufanya hivyo. Alikuwa bado anaamini.

Siku ya nane alifika saa moja na nusu asubuhi. Aliweka kadi kwenye trei, akakaa akitazama ukuta. Baada yake aliingia mwanamke ambaye walikuwa wamekutana kwenye foleni mara tatu au nne, na ambaye Gramu alimwita Mwalimu kwa sababu siku zote alikuwa na rundo la madaftari mapajani na kalamu nyekundu mkononi. Mwalimu aliweka kadi yake chini ya ile ya Gramu, akakaa, akaanza kusahihisha.

"Wameshaingia wangapi?" Mwalimu alinong'ona.

"Wanne. Baada ya huyu aliye ndani ni mimi."

"Nina kipindi saa tatu. Mkuu wa shule ameshanifungulia faili la uchelewaji. Nimemwambia natibiwa mgongo." Alitazama saa. "Dada yangu, nipishe. Wewe kazini kwako wanakuogopa, si uliniambia?"

"Wananiogopa wauza nyama. Bosi haniogopi."

"Dada."

"Haya, pita," Gramu alisema. "Ila ukimpa mtoto sifuri leo, ujue ni kwa dakika zangu."

Mlango ulifunguka. "Anayefuata." Mwalimu akaingia, Gramu akabaki na madaftari ya watoto arobaini kwenye kiti cha jirani. Dakika kumi baadaye Mwalimu alitoka, akayakumbatia madaftari, akambana Gramu bega kwa shukrani na kuteremka ngazi akakae kwenye benchi la dirisha la majibu, chini, kusubiri. Gramu akaingia.

Daktari wa mashine alikuwa mgeni, kijana mwenye haraka ambaye hakuinua macho kutoka kwenye skrini. Muuguzi alikuwa nyuma ya pazia na rundo lake la kadi. Daktari alisoma: kumi na moja, kumi na mbili, kumi, tisa. Gramu aliziandika kiganjani.

"Zinaendeleaje, Daktari?"

"Majibu dirishani, mama."

Dirishani alipewa kadi yake na karatasi ya maelekezo yenye sahihi ya daktari mkuu. Daktari mkuu hakuwaona wanawake wale siku za vipimo. Alizipitia kadi ofisini kwake, akaandika, zikateremshwa. Karatasi ya Gramu ilikuwa na mstari mmoja: *Sindano ya mwisho leo, saa tatu kamili usiku. Kutoa mayai keshokutwa asubuhi.*

Alisimama pale na karatasi yake mpaka mtu wa nyuma akamgusa. Kwa mwezi mzima alikuwa ameshuku kila kitu kilichowekwa mbele yake, na sasa habari njema ilimpata bila silaha. Hakuifungua kadi. Aliikunja pamoja na karatasi, akaitia mkobani, akampigia mumewe. "Wanatoa keshokutwa," alisema, na mumewe akapiga kelele hadi wateja wake wakasikika wakiuliza kuna nini.

Saa tano alikuwa sokoni, kwenye bucha la mwisho la safu ya kulia. Aliweka jiwe la kilo mbili kwenye sahani, akavaa miwani, akasoma, akafungua daftari. Alipolishika daftari kwa mkono wa kushoto aliziona namba kiganjani, zimeanza kufifia kwa jasho. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi. Tisa.

Kinachotakiwa ni kumi na nane.

"Vipi, Mkaguzi?" muuza nyama aliuliza, akimwona ameganda. "Wallahi mzani huu nimeutengeneza juzi."

"Mzani wako ni mzima," Gramu alisema. Muuza nyama alishika moyo, maana maneno hayo hakuwahi kuyasikia. Gramu alitoa kadi, akaifungua juu ya kaunta, kando ya jiwe lake. Mwandiko wa muuguzi ulikuwa safi kabisa. Tarehe ya leo. Kulia: ishirini, kumi na tisa. Kushoto: kumi na nane, kumi na nane. Juu yake, siku ya sita: nane, tisa, saba, saba.

Kutoka tisa hadi ishirini kwa siku mbili. Gramu alikuwa ameona mizani za kila tabia maishani mwake, za kuongeza, za kupunguza, za kunasa. Hakuwahi kuona ya kuruka.

Alimpigia mumewe.

"Namba kwenye kadi si zangu."

 Mumewe akasema, taratibu, kama anayetembea juu ya vigae vibichi, "Mke wangu. Juzi alikuwa dada yangu. Leo ni daktari. Kesho nitakuwa mimi?"

"Wewe ulikuwa juzi hiyohiyo. Ni nani aliyechomoa waya?"

Akasikika akivuta pumzi. "Uko wapi?"

"Naelekea kliniki."

"Nisubiri kwenye ngazi."

Hakumsubiri kwenye ngazi. Alichofanya ni kusimama mbele ya duka la miwani, akaipiga kadi picha kwa simu, mbele na nyuma, akakipiga picha kiganja chake pia, halafu akapanda. Mtu anayetaka kufuta namba hufanya hivyo mwenzake akiwa ameangalia pembeni. Hilo alilijua kutokana na kazi.

"Mama, karibu tena," alisema muuguzi wa mapokezi. "Umesahau kitu?"

"Nataka kumwona daktari mkuu. Vipimo vilivyoandikwa hapa si vile nilivyosomewa."

Muuguzi alinyoosha mkono kuichukua kadi. Gramu hakuiachia. Wote wawili walikuwa wameishika kwa sekunde chache, kila mmoja akitabasamu.

"Mama, dawa hizi zinaleta wasiwasi. Wengi inawatokea. Nenda nyumbani, unywe maji, upumzike, saa tatu uchome sindano."

"Nikichoma leo, na vifuko vikiwa na milimita kumi na moja, mayai yatatoka namna gani?"

Muuguzi alisita. "Yatakuwa machanga. Lakini yako si kumi na moja."

"Hicho ndicho ninachotaka kupimwa."

Mumewe aliingia akihema, bado na bisibisi mfukoni. Muuguzi alimgeukia kwa uso wa nafuu. "Baba, mwambie mwenzako apumzike. Anajichosha bure."

Fundi alimtazama mkewe, akakitazama kiganja. "Mwenzangu ndiye mwenye namba," alisema. "Mimi nimekuja kubeba mkoba."

Walikaa saa nzima wakitazama ukuta. Gramu aliamini kabisa kwamba wanachoshwa kwa makusudi ili waondoke; hakuna aliyekuja kuthibitisha wala kukanusha. Saa nane ikafika ndipo waliitwa ofisini.

Daktari mkuu aliipitia kadi, akaiweka mezani, akaunganisha vidole. "Miili hutofautiana," alisema. "Mara nyingine vifuko huchelewa, kisha hukimbia."

"Daktari, juzi kikubwa kabisa kilikuwa tisa. Leo hakuna hata kimoja kilicho chini ya kumi na nane. Vyote vinne vimekimbia pamoja?"

"Si kawaida."

"Na hizi ndizo namba alizozisoma daktari wako mwenyewe asubuhi." Aliweka kiganja mezani, kiko wazi, kama anayetaka kusomewa bahati.

"Inawezekana ulisikia vibaya, mama. Umelala, una hofu, kuna pazia."

"Inawezekana."  Gramu alikuwa na hofu kweli, na alimfikiria wifi katikati ya jikoni, na jinsi habari hii itakavyochekwa ikiwa amekosea tena. "Mimi nikikuta mzani wa mashaka simwandikii mtu kosa, na simwachi pia. Naurudisha mzigo kwenye sahani. Nipime tena. Wewe mwenyewe. Kama ni ishirini nitaomba radhi mbele ya foleni nzima, wafurahi. Lakini sindano hiyo sichomi kabla hujanipima."

"Daktari wa mashine ana watu."

"Nitakuwa wa mwisho. Nimezoea kukaa."

Daktari mkuu alimtazama muda mrefu. Halafu akasimama, akavaa glavu.

Safari hii Gramu aliomba pazia lifunguliwe. Daktari alisogeza kifaa, akasimamisha picha, akavuta kimstari kutoka ukingo hadi ukingo wa kifuko cheusi. Hakusoma kwa sauti, kwa hiyo Gramu akasoma mwenyewe kwenye skrini. "Kumi na moja." Kifuko cha pili. "Kumi na mbili." Muuguzi aliyesimama na kadi aliacha kusogeza miguu. "Kumi," alisema Gramu. "Tisa."

 Daktari alizima taa ya mashine, akaketi kwenye kiti cha magurudumu, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Usichome leo," alisema. "Endelea na dozi ileile. Rudi baada ya siku tatu."

Mumewe alishusha pumzi kwa kishindo. Yeye aliona mambo yamekwisha. Gramu alivaa viatu polepole, na alipofika cha pili akasimama nacho mkononi.

"Zile ishirini ni za nani?"

"Tutashughulikia, mama."

"Saa ngapi?"

Muuguzi alimtazama daktari. Lakini Gramu hakuhitaji tena jibu lao, maana alikuwa amelipata, na lilimchoma. Trei ya bluu. Kadi yake juu, ya Mwalimu chini. *Haya, pita.* Walipishana wao, kadi hazikupishana. Mlangoni likaitwa neno lisilo na mwenyewe, na muuguzi akaandika vipimo vya Mwalimu kwenye kadi ya juu, na vyake kwenye iliyofuata. Hapakuwa na mwizi. Kosa lilianzia kwenye kiti chake mwenyewe, kwa wema wa dakika kumi.

"Ni za mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye trei," alisema. "Yule mwalimu. Karatasi yake imeandikwa nini? Arudi baada ya siku tatu?"

 Daktari akamwambia muuguzi alete rejesta.

"Akisubiri siku tatu na ishirini zake, atapata nini?" Gramu aliuliza.

"Hatapata kitu," alisema daktari. "Zitakuwa zimepasuka au zimepitiliza." Kisha, kama mtu anayejitetea mbele ya nafsi yake: "Tumefanya kazi kwa utaratibu huu miaka tisa bila tatizo."

"Bila tatizo mliloliona."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria, na yalipokuwa yameshatoka aliyafikiria. Mara ya kwanza, mayai machanga. Mara ya pili, mayai machanga. Aliwapisha wangapi miaka ile? Alikuwa mkarimu wa foleni tangu zamani; mtu mwenye kazi ya serikali, nani atamfukuza? Akamuuliza daktari kama kadi za zamani zipo. Zipo, alisema. Na zinaweza kuonyesha? Daktari alitikisa kichwa. "Zitaonyesha kilichoandikwa. Mwili uliopimwa siku ile hatuwezi kuujua tena."

Gramu alivaa kiatu cha pili. Jambo hilo aliliweka mahali ambapo angelikuta akilitaka, na akaona mapema kwamba atalitaka mara nyingi.

Simu ya Mwalimu ilikuwa imezimwa. Muuguzi wa mapokezi alipiga mara moja, akaweka chini, akasema watajaribu baadaye.

"Yuko darasani," Gramu alisema. "Anatoka saa tisa na nusu. Nitakaa hapa."

"Mama, hatuwezi kukupa taarifa za mgonjwa mwingine. Ni siri."

"Sijaomba namba yake wala jina lake. Piga wewe. Mimi nitakaa nasikiliza simu inavyoita."

Alikivuta kiti, akakigeuza. Kilikuwa kiti cha kwanza katika kliniki ile kuutazama mlango. Mumewe akageuza cha pili. Muuguzi alipiga saa tisa na robo, akapiga saa tisa na nusu, na kila alipokuwa karibu kujishughulisha na jambo jingine aliinua macho akakuta miwani ile ikimtazama. Saa kumi kasoro dakika kumi simu ya Mwalimu iliita, ikapokewa.

"Mama, habari za kazi," alisema muuguzi kwa sauti laini. "Kuna marekebisho madogo kwenye kadi yako..."

"Mwambie aje leo," Gramu alisema kutoka kitini. "Madogo atayasikia kesho."

Muuguzi alifumba macho. "Tafadhali njoo leo, mama. Njoo sasa hivi. Tumekosea."

Mwalimu alifika saa kumi na nusu na vumbi la chaki kwenye mikono ya blauzi. Alimwona Gramu na mumewe kwenye viti vilivyogeuzwa, akasimama. Uso wake ulipita katika shuku ile ambayo Gramu aliitambua vizuri, kwa kuwa ilikuwa yake.

"Kwa nini na wewe uko hapa? Wamekuita?"

"Nimejiita. Ulibeba namba zangu asubuhi, na mimi nikabeba zako." Gramu alimweleza kwa sentensi tano, bila kupamba.

Mwalimu aliketi. "Kumbe ni kwa sababu nilikuomba unipishe."

"Na nikakubali."

"Kwa ajili ya kipindi cha saa tatu." Alicheka bila furaha. "Nimefika saa tatu na dakika tano. Faili limeandikwa vilevile."

Daktari mkuu alimpima mwenyewe. Mwalimu alipotoka alikuwa ameshika karatasi mpya kwa mikono miwili. Saa tatu usiku, leo. Alikaa karibu na Gramu, akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu, akaishika mkono wake wa kushoto bila kuomba ruhusa, na pembeni ya namba zilizofifia akachora alama ya vyema, kama anavyowachorea watoto.

"Umekosea sehemu moja tu," alisema. "Ungeniambia nichukue kadi yangu."

Nyumbani wifi alikuwa ameshasimuliwa yote kwa simu na kaka yake. Alimsubiri Gramu jikoni, amesimama wima, na Gramu akajiandaa kusikia habari za kibali. Wifi alifungua friji, akakisoma kipimajoto kwa kukunja macho, akaifunga.

"Tano," alisema. "Nimekuwa nikiangalia kila saa tangu mchana. Nani ajuaye kaka yangu atapiga pasi lini."

Siku tatu baadaye Gramu alikuwa kwenye kiti kilekile. Kliniki ilikuwa imebandika tangazo jipya mlangoni: kila mgonjwa atasomewa namba ya kadi yake kabla ya kipimo. Trei ya bluu ilikuwa bado pale. Gramu alilisoma tangazo mara mbili, akatazama trei, na hakuweka kadi yake humo.

Mwanamke mmoja kijana, mpya, aliyekaa pembeni yake, alikuwa akitazama saa na kumeza mate. Mwishowe akainama. "Dada, samahani. Naomba nipite mbele yako. Kazini wanadhani nimekwenda benki."

Gramu alimtazama. Angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Pita," alisema. "Lakini kwanza inuka, chukua kadi yako kwenye trei. Ingia nayo mkononi. Ukishalala, mwambie akusomee namba, na wewe isome. Asipoisoma, usivue kitu."

"Si wataudhika?"

"Wataudhika kidogo."

Yule kijana aliinuka, akaipekua trei, akaipata kadi yake. Wanawake wawili waliokuwa wamekaa nyuma yao, ambao walijifanya hawasikii, nao waliinuka mmoja baada ya mwingine wakachukua zao. Muuguzi alipokuja kubeba rundo alikuta plastiki tupu.

Zamu yake ilipofika, Gramu alilala na kadi kifuani na kiganja wazi. Pazia lilikuwa limefunguliwa kabla hajaomba. Yule daktari kijana alisoma namba ya kadi, Gramu akaisoma, muuguzi akaisoma.

"Kulia," alisema daktari. "Kumi na nane."

"Kumi na nane," alisema Gramu, akaandika, kisha akainua kichwa kutoka kwenye mto ili aone kalamu ya muuguzi inaandika nini.